Picha Tano Zinatosha

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Usiiname. Askari wa lango akikuona unazungumza na ukuta atakupiga kwanza, halafu ndiyo akuulize mnazungumza nini. Jifanye unamsubiri mtu. Dirisha langu la korokoroni liko usawa wa barabara, kwa hiyo mimi huku chini naona viatu vyako tu, na vinanitosha. Vyeusi, vimepigwa rangi leo leo. Una heshima zako wewe.

Nina ombi moja. Lakini nikikupa ombi bila kisa chake utaniona mwendawazimu, kwa hiyo nisikilize kwanza. Nitakueleza namna serikali yetu tukufu ilivyoifundisha kompyuta kumtambua adui wa taifa kwa kuionyesha picha tano tu. Na kabla sijaanza, nataka ijulikane kwamba nchi yetu ni nchi ya amani. Amani tunayo nyingi mno. Mwaka juzi ililetwa sokoni kwa vifaru viwili, na mpaka leo wauza vitunguu wanaokota maganda ya risasi kwenye magunia yao.

*

Mimi ni fundi Shomari wa Studio Sura Njema, mkabala na zimamoto. Mpiga picha. Siyo hawa wa simu wanaopiga picha sahani ya chipsi. Mimi nina kamera ya miguu mitatu, nina pazia la buluu, nina kigoda, na nina koti.

Hilo koti ndilo kisa chenyewe, kwa hiyo nikueleze. Hapa kwetu mtu hapigwi picha bila koti. Iwe ya pasi, ya kitambulisho, ya cheti cha ndoa, hata ile ya kuwekwa juu ya jeneza, lazima uvae koti, na koti ni la studio. Langu ni la kijivu, la sufu, kola pana, kifungo cha pili hakipo. Ukiwa mwembamba nakubana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Ukiwa mnene unaingiza mikono tu, mgongo unabaki wazi, maana kamera haioni mgongo. Mji mzima umepita ndani ya koti lile. Nimewavika watu wakiwa hai na nimewavika wengine wakiwa wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Basi. Ikatokea Wizara ya Utulivu ina shida. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Kanali Mstaafu Luponda, na shida yake ilikuwa kwamba askari walikuwa wakipiga watu bila kujua wanampiga nani. Siku moja walimvunja mbavu mwenyekiti wa vijana wa chama tawala, na alikuwa ametoka tu kuwaletea soda. Waziri akasema aibu hii imetosha, tununue kompyuta iwe inatuonyesha adui ni yupi.

Wauzaji wa ng'ambo wakamwambia kompyuta haijui adui mpaka ionyeshwe picha laki kadhaa. Waziri akakasirika mpaka mate yakamruka. "Laki za nini?" akauliza. "Mtoto akimwona nyoka mara moja, hamjui nyoka maisha yake yote? Kompyuta ya nchi huru itashindwa na mtoto?" Wakamwambia kweli, ujuzi wa namna hiyo upo, na yupo mwananchi mmoja aliyeusomea. Ndipo akaitwa Daktari Nyamizi, mama wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akasema picha tano za maadui na tano za wazalendo zinaweza kutosha, ila zichaguliwe kwa makini sana, kila moja iwe tofauti na nyingine.

Waziri alisikia "zinatosha". Yaliyofuata hakuyasikia, alikuwa ameshasimama anapiga makofi.

*

Picha za maadui zilitoka kituo cha polisi, zikaletwa na Sajenti Chengula. Sajenti huyu ni mtu mwaminifu kupita kiasi, ukimwambia simama hapa atasimama mpaka aote mizizi. Pale kituoni adui hukarimiwa kwanza, na picha hupigwa baada ya ukarimu. Anayekarimiwa hutoka na meno pungufu na jicho limefumba. Kwa hiyo picha zote tano zilikuwa za watu waliovimba nyuso, mmoja kushoto, mmoja kulia, watatu kotekote.

Picha za wazalendo zilitoka kwangu. Waliteuliwa wenyeviti watano wa mitaa, wakaja siku moja, nikawakalisha kwenye kigoda kimoja, nikawavika koti. Picha safi, ndugu yangu. Najisifu kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu humu.

Daktari Nyamizi alikuja studio jioni ile kuzitazama. Alipoona koti kwenye msumari akacheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, umewavika wote hili?"

"Ulitaka niwapige na fulana?"

"Mashine itajua koti tu," akasema. "Haina akili ya kumjua mtu. Inatafuta kinachofanana hapa na kisichopo kule. Na vikigongana viwili, kile kinachojaza picha zaidi ndicho kinachoshinda."

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ananitania, nikanuna.

Kesho yake nilikuwa wizarani kutundika nakala kubwa za wazalendo wangu ukutani, ndiyo maana niliyaona kwa macho yangu. Kompyuta ilikuwa imekwisha kulishwa zile picha tangu asubuhi. Daktari akasimama mbele ya Waziri, akasema kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, tusiifungue bado. Maadui wote watano wamevimba. Wazalendo wote watano wamevaa koti moja. Itajifunza kwamba adui ni uvimbe na mzalendo ni koti."

"Uvimbe gani?" akauliza Waziri.

"Huu, Mheshimiwa. Hawa watu wamepigwa."

Waziri akaichomoa kalamu kifuani, akaitazama, akairudisha.

"Daktari, nchini kwetu hakuna mtu anayepigwa. Imeandikwa kwenye katiba."

"Basi tupewe picha zao za kabla ya kukamatwa."

Sajenti Chengula akajibu kwa moyo mweupe kabisa. "Kabla hatujawakarimu tunakuwa hatujajua kama ni maadui, daktari. Wanakiri baadaye."

"Umesikia?" akasema Waziri. "Unaona vitu ambavyo havipo. Sajenti, msaidie daktari aone vizuri."

Sajenti akamsaidia kwa kitako cha bunduki, shavuni. Mama wa watu akaanguka juu ya meza, na meno yake mawili yakadondokea picha ya mwenyekiti wa Mtaa wa Bomani, nikalazimika kuifuta kwa mkono wa shati. Baada ya saa moja shavu lilikuwa limejaa. Wakamsimamisha mbele ya kompyuta. Taa nyekundu ikawaka, na sauti ya Waziri mwenyewe, maana ndiye aliyerekodiwa ndani yake, ikapaza: "Adui! Adui!"

Waziri akarukaruka kwa furaha. "Mnaona! Imemjua mpaka aliyeifundisha!"

Daktari akapelekwa korokoroni, na wizara nzima ikala keki.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa mpira. Kompyuta ilipewa jina la Jicho la Taifa, ikawekwa juu ya nguzo kila lango, kila daraja, kila mlango wa ofisi: kioo kimoja, taa mbili, na ile sauti. Waziri akahutubia mpaka jua likamgeuka.

"Jicho halina shemeji!" akanguruma. "Jicho halina mjomba! Hata mimi! Siku Jicho likisema mimi Luponda ni adui, msinisalimie, msiniulize cheo, nipigeni risasi hapo hapo nilipo!"

Watu wakashangilia, maana hakuna jambo walilowahi kuahidiwa ambalo walilitaka kwa moyo kama lile. Sajenti Chengula alikuwa anatokwa na machozi. Niliona midomo yake ikirudia maneno, kama mtu anayekariri sala.

Kisha ikachezwa mechi ya kirafiki. Mlinda mlango wa timu ya mkoa akapigwa na mpira puani, akatolewa nje kuwekewa barafu. Kwenye lango la kutokea Jicho likasema adui. Tulisikia mlio mmoja tu. Mechi ikaendelea, golini akawekwa askari, na kwa kweli hakufungwa, nani angethubutu kupiga shuti?

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Mrina asali wa kijiji cha juu alishuka mjini na mashavu ya nyuki, hakupanda tena. Bi harusi mmoja alilia sana kuagana na mama yake, macho yakavimba, akapigwa risasi njiani. Maiti wakaipeleka kwa bwana harusi na hati ya kuthibitisha uadui. Halafu matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu, yakaingia shule ya msingi Tumaini. Jicho la getini likawakataa darasa zima la tatu. Jeshi likazingira. Mwalimu wao akatoka na kitambaa cheupe mkononi, na kitambaa kikarudi chekundu. Redio ilisema watoto wote walitoka salama. Mimi sibishani na redio. Nasema tu kwamba wiki iliyofuata shule ile iliuza madawati mengi.

Na askari waliokuwa na wasiwasi na mtu, walimkarimu kwanza, ndipo wakampeleka mbele ya Jicho. Jicho halikukosea hata mara moja. Mia kwa mia! Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kujifunza siri yetu.

*

Lakini watu si wajinga kama wanavyofanywa. Haikupita muda wakagundua kwamba mwenye koti langu haguswi. Na kila mtu huvimba siku moja, ndugu yangu. Jino, jipu, mbu, ngazi, mke, mume. Basi mlangoni kwangu pakawa hapapitiki. Wakaja wanaobembeleza, wakaja wanaotukana. Wanaume wawili waliokuwa marafiki tangu utotoni waling'ang'ania kola ya koti mbele ya kaunta yangu, mmoja akachomoa panga, mwingine akachomoa la kwake, na nilipotoka nyuma ya pazia wote wawili walikuwa wamelala kizingitini na koti katikati yao. Niliudhika sana. Unajua shida ya kuitoa damu kwenye sufu? Mke wangu Mwatime aliloweka kwa maji baridi na chumvi mpaka vidole vikamsinyaa.

"Baba Zena," akaniambia, "lichome moto hili."

"Nichome koti? Wewe mwanamke una akili kweli?"

"Litatuua."

"Linatulinda," nikamwambia. Nikalianika.

Mwatime ni mtu wa kunijibu maneno kumi kwa moja. Kwa hiyo siku aliponyamaza nilijua kuna jambo. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Akatafuna karafuu, akasukutua maji ya chumvi, haikusaidia. Siku ya tatu shavu lilikuwa limepanda mpaka jichoni na kushuka mpaka shingoni. Alikuwa wa moto, usaha ukimtoka kwenye ufizi, na akipumua unasikia kama mtu anayepuliza chupa. Mganga wa zahanati alimtazama kupitia dirishani, akaogopa kufungua mlango. "Mpeleke hospitali kuu leo," akasema. "Ikishuka kifuani utamzika."

Hospitali kuu iko ng'ambo ya Daraja la Mshikamano. Na juu ya daraja kuna Jicho, na chini ya Jicho kuna Sajenti Chengula.

Nikakaa kwenye kigoda changu nikalia. Nasema wazi, nililia kama mtoto. Miaka yote nimegombana na yule mwanamke, na sijawahi kufikiria studio bila sauti yake. Ndipo nikakumbuka maneno ya Daktari Nyamizi: kinachojaza picha zaidi ndicho kinachoshinda. Nikainuka mbio. Nikamvika Mwatime koti, nikasimamisha kola mpaka masikioni bila kuufunika uso, maana kufunika uso ni kosa la kunyongwa. Kisha nikachukua mito miwili, nikaipasua, nikajaza pamba mabegani na kifuani mpaka koti likawa pana kama mlango. Uso ukabaki kidogo tu katikati.

"Nimekuwa kama kochi," akasema kwa taabu.

"Kaa hivyo hivyo. Leo ukipendeza unakufa."

*

Tulikuwa mlangoni tunatoka, gari jeusi likasimama. Siti ya nyuma kulikuwa na mtu amejifunika shuka gubigubi. Shuka likafunguka, na nani? Mheshimiwa Luponda mwenyewe! Jicho moja limefumba, limejaa kama andazi. Mji mzima ulijua kwamba mkewe akikasirika hashiki ufagio, anashika mchi. Maskini alikuwa amefungiwa nyumbani tangu Jumatatu, kwa sababu lango la nyumba yake lina Jicho na lango la wizara lina Jicho lake. Alitoka kwa kuruka ukuta wa jikoni.

"Fundi, nipe koti," akasema. Mkononi alikuwa na bastola.

"Koti limevaliwa, Mheshimiwa."

"Livuliwe!"

"Mke wangu anakufa."

"Na mimi je? Kesho nina kikao cha baraza!"

Nikasimama mbele ya Mwatime. Sijui nilipata wapi ujasiri ule, nadhani ilikuwa hasira tu, maana mimi mtu akinigusia koti langu napandwa na mashetani. "Piga," nikamwambia. "Ukinipiga litalowa damu, na damu haitoki kwenye sufu. Muulize huyu."

Akasita. Siyo kwa huruma. Niliona anafikiri. Yeye hakujua, kama nisivyojua mimi, kwamba koti na uvimbe vikigongana Jicho litasema nini. Alitaka mtu mwingine ajaribiwe kwanza.

"Sawa," akasema, na sauti ikawa ya kiungwana. "Wanawake mbele. Mama atangulie. Akipita, alivue ng'ambo, askari wa kule anirudishie."

"Mama Zena, umesikia?" nikamuuliza.

Mwatime akaniangalia kwa lile jicho moja lililobaki wazi. "Nimesikia," akasema.

Tukapanda wote gari la Waziri, yeye chini ya shuka akimpigia simu askari wa ng'ambo, bastola mbavuni mwangu.

Pale darajani palikuwa na maiti tatu pembeni, zimepangwa vizuri, Chengula ni mtu wa usafi. Mwatime akashuka. Akatembea mpaka mstari mweupe, akasimama na mabega yake ya pamba. Kioo kikamgeukia. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Ikawaka tena. Halafu ikawaka ya kijani, na sauti ya Waziri ikasema, "Karibu, mzalendo."

Akapita. Akatembea daraja zima polepole, akishika ukingo. Akafika ng'ambo. Askari wa kule akanyoosha mkono apokee koti. Mwatime akampita kama anavyowapita wauza samaki waliooza, akakata kona ya kwenda hospitali, na koti lake.

Ewe mwanamke wee! Hata sasa nikikumbuka nacheka.

"Koti!" Waziri akapiga kelele. "Mama! Koti!" Akasahau kila kitu. Akafungua mlango, akatoka mbio na shuka likiburuzika nyuma yake, akavuka mstari mweupe.

"Adui!" ikasema sauti yake. "Adui! Adui!"

Sajenti Chengula aliinua mkono apige saluti, akaukumbuka ule mkutano wa uwanjani, akaushusha.

"Chengula, ni mimi!"

"Nakujua, Mheshimiwa. Ulisema tusikuulize cheo."

"Pumbavu, mimi ni Waziri wako!"

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Sajenti, machozi yakimtoka, akafyatua. Alifyatua mpaka risasi zikaisha, akabadilisha, akaendelea, maana hakutaka mkuu wake amwone mvivu. Waziri alilala kifudifudi juu ya mstari mweupe na sauti yake juu ya nguzo ikaendelea kumwita adui mpaka mtu alipokwenda kuchomoa waya.

Mimi nilitolewa garini. Kitako cha bunduki, shavuni. Waya ukachomekwa tena, nami nikaitwa adui kama marehemu.

*

Jioni redio ikatangaza kwamba Jicho la Taifa limemfichua msaliti mkubwa kuliko wote, na kwamba Sajenti Chengula ndiye Waziri mpya wa Utulivu. Sikupigwa risasi. Waziri mpya alisema nihifadhiwe, atanihitaji.

Humu ndani nikamkuta Daktari Nyamizi, hai. Siku moja Waziri Chengula akashuka mwenyewe, akasimama mbele yake kwa heshima.

"Daktari, nilikupiga kwa amri, lakini maneno yako niliyasikia. Ulisema picha zilifanana mno. Nimeagiza Jicho lifundishwe upya. Picha tano tena, lakini za watu tofauti, na wasivimbe."

Daktari akatikisa kichwa, hakuamini masikio yake. Serikali imesikiliza mtaalamu! Wakachaguliwa maadui watano wa kila aina: mimi mzee, yeye mwanamke, mwoka mikate mmoja mnene, padri mmoja mrefu, na bondia mmoja. Tukaacha kukarimiwa. Tukapewa maini na mchicha, tukakandwa kwa maji ya moto, mpaka nyuso zikarudi kama tulivyozaliwa. Wazalendo wapya watano wao walipigwa picha shambani, vifua wazi, wameshika majembe, kwa sababu Waziri mpya anapenda kilimo.

Siku ya picha ilipokaribia nikaletewa kifurushi. Koti! Limefuliwa, limepigwa pasi. Mwatime alipona, jino lilitolewa. Akanitumia salamu kwa mlinzi: "Mwambie baba Zena alivae, Jicho likimwona watamwachia. Na asiwe na wasiwasi na mimi, nimeshona langu." Maana alikuwa amefanya jambo moja kubwa, mke wangu. Kabla ya kunitumia koti alilifumua, akawaita mafundi cherehani wote, akawapa kipimo bure, kola, mifuko, hata pengo la kifungo cha pili, kisha akalishona tena. Alisema hataki tena watu wauane kizingitini kwetu. Cherehani zilisikika mpaka huku chini. Mlinzi akaniambia mjini hakuna tena asiye na koti.

Basi akaja koplo na kamera. Hajui kazi hata kidogo, taa ameiweka nyuma. Nikamwonyesha pa kuiweka. Kisha akaniambia nikae hivyo hivyo na shati la korokoroni.

"Wewe!" nikamfokea. "Mtu hapigwi picha bila koti. Umefundishwa wapi?"

Nikavaa langu nikakaa. Wenzangu wakasema na wao hawapigwi kama wahuni. Nikamvika padri, nikambana kwa vibanio. Nikamvika mwoka mikate, mgongo wazi. Nikamvika bondia. Wote wakapendeza. Daktari Nyamizi alikuwa wa mwisho. Alilishika koti, akalitazama, akatutazama mmoja mmoja, na uso ukambadilika.

"Hapana," akasema. "Hapana, fundi, subirini. Hili lisiwemo—"

Koplo akainua kitako cha bunduki. Daktari akavaa. Meno yaliyobaki alikuwa bado anayahitaji.

Alinieleza baadaye. Alinieleza mara moja tu, na safari hii nilielewa: maadui wote watano tumevaa koti, kwa hiyo sasa adui ni koti.

Nimegonga huu mlango mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Nimemwambia mlinzi, anacheka, ananiambia Jicho linapenda koti, kila mtu anajua. Jumatatu Jicho jipya linafunguliwa malango yote kwa pamoja, na mji mzima umeamriwa kuandamana kupita mbele yake na ngoma. Mwatime ametuma kusema atakuwa mstari wa kwanza, apite hapa dirishani nimwone alivyopona. Ndugu yangu, naogopa. Siogopi kufa mimi, naogopa nitakayoyaona kwenye hili tundu.

Ombi langu ni hilo. Nenda Studio Sura Njema, mkabala na zimamoto, mwambie mama Zena avue koti. Awaambie na wote, wavue. Atabisha, mwanamke yule hakosi kubisha, mwambie ni mimi nimesema na nampigia magoti. Leo ni Jumapili, una muda wa kutosha. Umenisikia?

Ala, nimekwambia usiiname! Haya, umeshainama. Sogea basi kidogo, jua linanipiga.

Kola pana. Kifungo cha pili hakipo. Limekukaa vizuri kweli, ndugu yangu. Na hizo ngoma ninazozisikia huko nyuma yako ni za nini? Viatu vimepigwa rangi, koti jipya, unakwenda wapi umependeza hivyo? We bwana, nijibu. Leo ni siku gani?